Baisikeli Iliyookotwa Jalalani: Ni Mali ya Nani?

Jioni moja, katika mji wa Marekani, mtu mmoja alikuwa akirudi nyumbani kutoka kazini. Kesho yake ilikuwa siku ya gari la takataka, na watu walikuwa wamekwisha kutoa mapipa yao kando ya njia. Mbele ya nyumba moja, kati ya mapipa mawili na godoro lililochanika, aliona baisikeli. Tairi zake zilikuwa zimepasuka, mnyororo umeshikana kwa kutu hata ukawa kama fimbo, ngozi ya kiti imeraruka, na fremu imefunikwa na vumbi na utando wa buibui hata rangi yake haikutambulikana. Asubuhi gari lingepita na kuisaga pamoja na maganda ya viazi. Yule mtu alisimama. Je, alikuwa na ruhusa kuichukua? Na kama angeichukua na kuitengeneza, ingekuwa mali yake kweli?

Kisa hiki kimetungwa, kama walimu wa maadili walivyozoea kutunga visa vya kupimia dhamiri. Lakini mambo ya namna hii hutokea mara nyingi katika miji ya Ulaya na Amerika, ambako watu hutupa hata vitu vinavyoweza kutumika. Kwa msomaji wa Lubumbashi laweza kuonekana kuwa jambo la kuchekesha. Huko kinga, kama waitavyo baisikeli watu wa Katanga, haiendi jalalani hivi hivi: ikifa, magurudumu yake huhamia katika nyingine, na wale wasukumao magunia ya makala kwa baisikeli mpaka mjini wajua thamani ya kila nati. Walakini swali lenyewe halina nchi. Popote palipo na mtu aachaye na mtu aokotaye, lipo.

Wengi watajibu upesi ya kwamba kilichotupwa hakina mwenyewe. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila limeruka hatua moja. Jalala si hakimu. Kitu hakikosi mwenyewe kwa sababu ya mahali kilipolazwa. Hukosa mwenyewe kwa sababu ya nia ya yule aliyekuwa nacho. Jambo hili wanasheria wa Roma ya kale walilipima vizuri. Walisema: mabaharia wakipatwa na dhoruba hutupa shehena baharini ili chombo kiwe chepesi. Shehena ile imetupwa, tena kwa mikono ya watu wenye akili timamu. Lakini imebaki kuwa mali ya wenyewe, na mtu akiiokota kwa nia ya kujifaidia, naye ajua ilivyotupwa, amekuwa mwizi. Maana wale mabaharia hawakutaka kuiacha mali. Walitaka kuokoka.

Tena walibishana juu ya neno dogo zaidi, ambalo lamhusu sana mtu yule aliyesimama mbele ya mapipa. Mtu akiisha kuacha kitu chake kwa nia kamili, chatoka lini mikononi mwake? Proculus alisema ya kwamba chabaki kuwa chake mpaka mwingine akishike. Julianus alisema ya kwamba chatoka saa ile ile kiachwapo, ila hakiwi cha mwingine mpaka ashikwe mkononi na huyo mwingine. Katika Digesta, kitabu kikubwa cha sheria kilichotolewa kwa amri ya Kaisari Justinian mwaka 533, neno la Julianus ndilo lililosifiwa kuwa sawa. Mtu aweza kudhani ni mabishano ya wasio na kazi. Sivyo. Kama Proculus ana haki, usiku ule mzima baisikeli ni ya watu wa nyumba ile, nao waweza kujuta, wakatoka na taa na kuirudisha ndani kama mali yao. Kama Julianus ana haki, saa zile ni ya hewa tu, na yeyote aijiaye kwanza aweza kuitwaa. Lakini wote wawili wanapatana juu ya shina la jambo: lazima kwanza awepo mwenyewe aliyeacha.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, afundishapo juu ya wizi katika Summa, ashika njia hiyo hiyo. Mwenye kuokota kitu chenye mwenyewe, asipokuwa na nia ya kukirudisha, atenda dhambi. Lakini kikihesabiwa kuwa kimeachwa kabisa, na mwokotaji akaamini hivyo, akikiweka si mwizi. Yafaa kuliangalia sana neno lile la kuamini. Imani ya namna hii ni rahisi mno kuipata wakati wa magharibi, mbele ya kitu mtu anachokitamani. Kwa hiyo Sheria ya Musa, katika sura ya 22 ya Kumbukumbu la Torati, haikumruhusu mtu aonaye ng'ombe wa nduguye amepotea, au vazi lake, ajifanye hakuona. Alipaswa kukitunza mpaka mwenyewe akitafute.

Basi mtu yule alifanya neno moja ambalo wengi hawalifanyi: alibisha mlango. Akatoka mwanamume wa makamo, shati lake limejaa vumbi, sanduku mikononi. Akaulizwa: "Bwana, baisikeli ile pale nje mmeitupa?" Akajibu: "Yote yaliyo nje ni ya kutupwa. Ichukue, Bwana, waniondolea mzigo." Mtu yule akashukuru, akaibeba begani. Hakuna mwalimu wa maadili ambaye angemlaumu usiku ule.

Mtu wa Marekani aweza kuleta hapa hukumu ya Mahakama Kuu ya nchi ile ya mwaka 1988, katika kesi ya California na Greenwood, na kusema ya kwamba takataka iliyowekwa njiani ni ya watu wote. Hiyo ni kuisoma vibaya. Hukumu ile ilihusu polisi: kama waweza kupekua mifuko ya takataka iliyoachwa nje pasipo hati ya hakimu, na jibu likawa ndiyo. Kufunguliwa kwa mfuko na kugawiwa mali ni mambo mawili. Tena ziko serikali za miji zinazokataza kwa amri zao kuokota chochote penye mapipa.

Nyumbani aliigeuza baisikeli, magurudumu juu. Chini ya fremu, pale mhimili wa pedali unapopita, viwanda vingi hupiga namba katika chuma. Aliifuta tope kwa kitambaa na mafuta ya taa, namba ikatokea. Na kando yake zikatokea herufi mbili nyembamba, zisizo nyoofu, kana kwamba zimekwaruzwa kwa msumari. Akaiandika namba katika karatasi. Kazi yake ya kwanza haikuwa kujua jina la kiwanda, bali kujua kama baisikeli ile haikuibwa. Maana mwizi wa baisikeli mara nyingine huipanda siku mbili tatu, kisha huiacha popote, na mlango wa nyumba iliyo karibu si lazima uwe mlango wa mwenyewe. Liko daftari la Bike Index, lililoanzishwa mwaka 2013, ambamo watu huandikisha baisikeli zao na kutangaza zilizoibwa. Namba ile haikuwamo. Hilo lilimpa moyo, ingawa halikupasa kumpa moyo mwingi: daftari husema juu ya walioandika tu, na kunyamaza kwake si ushahidi.

Baada ya hapo alianza kuuliza swali la pili, lililo tamu zaidi: ni baisikeli gani hii? Ilikuwa ya namna iitwayo baisikeli ya milimani: magurudumu ya inchi 26, tairi nene zenye meno, usukani mnyoofu, na gia nyingi. Karatasi za jina zilikuwa zimebanduka. Basi alisoma vipande. Kampuni ya Shimano ya Ujapani, kwa miaka mingi, ilipiga herufi mbili ndogo nyuma ya vipande vyake: ya kwanza ni mwaka, kuanzia A kwa mwaka 1976, na ya pili ni mwezi, A kwa Januari mpaka L kwa Desemba. Nyuma ya mkono unaohamisha mnyororo alikuta MD, yaani Aprili 1988. Katika breki alikuta herufi za mwezi uliotangulia. Meno ya mbele hayakuwa mduara kamili, bali kama yai, mtindo uliosifiwa sana miaka ile na kuachwa baadaye. Breki ya nyuma ilikuwa imefungwa chini, karibu na pedali, mahali ambapo hukusanya tope lote la njia. Na mtindo huo pia haukudumu, wala mtu aliyepata kuisafisha breki ya namna hiyo hatashangaa.

Hapa pana hekima ndogo ya kupima ushahidi. Kipande cha Aprili 1988 hakisemi ya kwamba baisikeli ni ya Aprili 1988. Chasema tu ya kwamba kipande hicho hakikufungwa kabla ya hapo. Na kama kilibadilishwa baadaye, hakisemi neno lolote juu ya fremu. Lakini vipande vitano vikisema mwezi mmoja au miezi iliyokaribiana, na kutu iliyoshika nati zao ni moja, na hakuna alama ya spana juu yake, mashahidi wamepatana pasipo kushauriana. Unene wa nguzo ya kiti nao hushuhudia: mabomba mengi ya fremu za chuma za wakati ule yalikuwa na upana mmoja kwa nje, kwa hiyo nguzo ikiwa nyembamba, bomba ni nene, zito, la bei ndogo, nguzo ikiwa pana, bomba ni jembamba na zuri. Ya baisikeli hii ilikuwa milimita 26.8. Si ya mtu tajiri, wala si ya kuchezea watoto. Alichunguza hata zile herufi mbili zilizokwaruzwa. Akatafuta katika orodha za alama za viwanda, asizikute, akadhani ni alama ya fundi, akaziacha.

Ni ajabu, lakini baisikeli ya milimani yenyewe ilizaliwa karibu na jalala. Katika miaka ya 1970 vijana wa wilaya ya Marin, kaskazini ya San Francisco, walitafuta baisikeli nzito za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, ambazo hakuna aliyezitaka tena, wakazifufua, wakateremka nazo njia za mlima Tamalpais. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya mashindano ya kwanza katika mteremko waliouita Repack, kwa maana breki ya ndani ya habu ilipata moto hata grisi ikawa moshi, ikawapasa kuijaza upya. Mwaka 1977 Joe Breeze alianza kutengeneza fremu mpya kwa kazi hiyo; mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua biashara yao, wakiuza baisikeli zenye fremu za Tom Ritchey; mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, iliyoundwa Ujapani kwa wingi. Kabla miaka kumi haijaisha maduka yalikuwa yamejaa. Na watoto wa mali iliyookotwa wakarudi wenyewe kwenye mapipa.

Matengenezo yalichukua majira yote ya baridi. Pedali ya kushoto ilimfundisha somo la kwanza, maana skrubu yake hufunguliwa kinyume cha ile ya kulia, na mtu asiyejua huikaza zaidi kwa kila nguvu anayotia. Habu zilifunguliwa, gololi zikaoshwa, grisi mpya ikatiwa. Kazi kubwa ilikuwa nguzo ya kiti. Nguzo ni ya aluminiamu na fremu ni ya chuma. Madini mawili ya namna hii yakikaa pamoja penye unyevu, aluminiamu huliwa, na ule unga wake huchukua nafasi kubwa kuliko ulivyokuwa mwanzo, hata nguzo ikashikwa ndani ya bomba kama jino katika taya. Kuna wanaoukata mti wa nguzo kwa msumeno, kuna wanaomimina magadi makali yanayoyeyusha aluminiamu na kukiacha chuma, na waweza kupoteza macho. Yeye alitia mafuta ya kupenya, akangoja siku tatu, akatia tena, akageuza fremu juu chini, akangoja juma. Usiku wa kumi na mbili nguzo ilizunguka kidogo, ikalia.

Kila kipande kilimwuliza neno lile lile: kubakiza au kubadili? Rangi hakuipaka upya, ingawa ilikuwa na mikwaruzo na fremu ina bonde dogo upande wa juu, maana aliona ya kuwa rangi ile ni kumbukumbu ya mahali ilipopita. Tairi, nyaya za breki na mnyororo alinunua vipya, na hapo hakuna wa kumlaumu: mtu hapandi breki ya zamani kwa heshima ya historia. Vipande alivyoviondoa alivitia katika kopo, akaandika kila kimoja kilikotoka. Kiti peke yake hakukiweka. Kilikuwa kimeraruka, na wakati fulani mtu alikuwa amekishona kwa uzi mnene, kama wa viatu, kazi isiyo ya fundi. Akanunua kingine kinachofanana na cha miaka ile, na cha zamani akakitia katika pipa lake mwenyewe.

Mwezi wa Aprili alikuwa amesimama nayo mlangoni pa duka la mikate. Mgeni akaja, akaitazama, akazunguka upande wa pili, akaitazama tena. Akasema: "Samahani, Bwana. Chini, kando ya namba, mna herufi mbili zilizochorwa kwa msumari." Akazitaja. Zilikuwa herufi za jina lake.

Mambo yakajulikana. Ile nyumba ilikuwa ya baba yao. Mzee alihamishiwa katika nyumba ya wazee, na mtoto mmoja akabaki kuisafisha, wakati mwingine yuko ng'ambo kwa kazi. Baisikeli ilikuwa ya huyu wa ng'ambo. Ilikaa bandani kwa baba yake tangu zamani. Kaka yake aliona kutu, akaitoa nje. Alimwambia mwokotaji kweli kama alivyoijua, lakini alitoa ruhusa isiyokuwa yake kutoa.

Sasa kisa kimekuwa kigumu. Mwokotaji hakuiba: aliuliza, akajibiwa, akatafuta namba, akaamini kwa imani njema. Lakini imani njema humwondolea mtu hatia, haimpi mali. Mwenyewe hakuiacha kamwe. Alitupiwa na mwingine, kama shehena ile ya mabaharia, tena bila dhoruba. Wako watakaosema ya kwamba mtu aiachaye baisikeli miaka mingi katika banda la baba yake ameiacha kweli. Neno hilo ni la haraka. Kusahau si kuacha. Nyumba ya baba ndiyo mahali watu huweka vitu wasivyotaka kuviacha, na kama kusahau kungekuwa kuacha, hakuna mwana wa ng'ambo ambaye angekuwa na kitu kijijini kwao.

Je, kazi ya mikono? Miezi minne, siku kumi na mbili za nguzo peke yake? Roma ilimjibu mtu huyu kwa haki: aliyeshika mali ya mwingine kwa imani njema aweza kukataa kuitoa mpaka arudishiwe gharama zilizohitajika kuiokoa na zile zilizoiongezea faida. Tairi, mnyororo, nyaya na grisi zaingia humo bila mashaka. Kiti kipya kilichotafutwa kwa sababu ya kupendeza tu, kaingia nusu. Lakini zile jioni alizokaa bandani akisoma herufi za Shimano, na furaha aliyoipata, haziwezi kuandikwa katika hesabu. Hizo alikwisha kulipwa. Yule kaka naye yampasa kuchangia, kwa kuwa kosa dogo la mdomo wake ndilo lililowafikisha hapa, na yaonekana ndiye atakayekasirika kuliko wote atakapoambiwa.

Mwokotaji hakubishana. Alisema baisikeli itarudi, akataja bei ya tairi na mnyororo, akasita kutaja saa zake, akanyamaza. Mwenyewe akatoa fedha zaidi ya alizotajiwa. Kisha wakaenda pamoja bandani, na kopo likashushwa kutoka rafuni: pedali za zamani, mnyororo, nyaya zilizokatika, kila kipande na karatasi yake. Yule mgeni alivipanga juu ya meza kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayetafuta. Akauliza: "Na kiti je? Kile kilichoshonwa. Baba alikishona mwenyewe, kwa uzi wake wa viatu, nilipokuwa na miaka kumi na saba."

Kiti kilikuwa kimechukuliwa na gari la takataka mwezi wa Januari.